Naomba ushauri: nataka kuwapeleka watoto kuuona mchanga unaohama wa Ngorongoro

Binti wa Singida:
Ndugu zangu, salamu. Mwaka 2015 marehemu baba alinipeleka Ngorongoro, na baada ya kuwaona simba na nyumbu alimwomba dereva aiache barabara ya Serengeti tukautazame mchanga unaohama, kaskazini ya Bonde la Oldupai. Nilidhani ni chungu la majivu tu, mpaka baba aliporusha konzi moja hewani nikaona chembe zikianguka zimeshikamana badala ya kupeperuka. Njiani palikuwa na vigingi vya kuonyesha mchanga ulipokuwa miaka ya nyuma, naye alisimama kwenye kila kimoja akausoma mwaka kwa sauti. Sasa nataka kuwapeleka wanangu, wa miaka 9 na 12, ila jamaa zangu wanasema kwenda mbali hivyo kwa ajili ya mchanga ni kupoteza fedha. Twende msimu gani, na je, watoto wataelewa wanachokiona?

Dereva wa Karatu:
Dada, pole kwa kumpoteza mzee. Epuka masika, Machi hadi Mei, kwa sababu njia ya kuufikia mchanga si ya lami, na udongo wa tambarare zile ukilowa hunasa hata magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne. Mimi ningechagua Februari, nyumbu wanapozaa upande wa Ndutu, ili safari moja iwape watoto mambo mawili. Piteni kwanza kwenye makumbusho ya Oldupai.

Mwalimu wa Jiografia:
Nakubaliana na ndugu dereva, hasa kuhusu makumbusho, kwa kuwa majivu ya volkano yamesaidia kuhifadhi mabaki ya kale bondeni, na mchanga huo nao asili yake ni majivu, yanayohusishwa na Ol Doinyo Lengai, mlima ambao Wamaasai huuita Mlima wa Mungu na ambao ulilipuka tena mwaka 2007. Chembe zake zina chuma kingi na nguvu ya sumaku, ndiyo maana hushikamana. Chungu lenyewe lina umbo la mwezi mwandamo, kimo cha mita 9 hivi na urefu wa takriban mita 100. Upepo wa mashariki huzipandisha chembe mgongoni, zikafika kileleni na kuporomokea upande wa pili, hivyo chungu zima husogea magharibi kwa wastani wa mita 17 kwa mwaka bila kupoteza umbo lake. Mtoto wa miaka 9 ataelewa akilala kifudifudi na kuzitazama chembe zikikimbia. Nakusihi tu msiukwee, kwa maana nyayo za watu wengi huuvuruga mgongo ambao upepo umeujenga kwa muda mrefu.

Jambo moja zaidi, dada. Tangu 2015 mchanga umesogea takriban mita 170, kwa hiyo pale ulipokuwa mlipoutazama na baba huenda sasa pana nyasi.

Binti wa Singida:
Mwalimu, maneno yako ya mwisho yamenigusa sana. Tutakwenda Februari, na nitabeba picha ya baba akiwa mbele ya mchanga, vilima vikionekana nyuma yake, ili watoto wanisaidie kutafuta aliposimama.