Naomba ushauri: nakusanya historia ya Taveta kabla ya mpaka

Habarini ndugu zangu, wakubwa shikamooni. Naandika habari za Taveta ya zamani, ile ya Kenya mpakani na Tanzania, na nimekwama. Kwenye karatasi mambo yako wazi: mwaka 1884 msafiri Mwingereza Harry Johnston alipata ardhi kwa wazee wa pale, kisha mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1886 ukapitisha mstari kati ya nchi ya Wataveta na Uchagani. Agosti 1914 Wajerumani wakauteka mji, wakatolewa Machi 1916.

Ila marehemu bibi yangu hakusimulia hivyo hata kidogo. Kwake Taveta ilikuwa msitu wa mto Lumi: miti iliyoshikamana, vijia vyembamba vyenye malango, na misafara ya pwani ikipumzika humo na kununua ndizi kabla ya kukabili nyika. Msitu ndio uliokuwa boma lao. Hilo ndilo ninalotaka liandikwe kwanza.

Wazee waliobaki ni wachache, na kila ukoo una masimulizi yake. Niwarekodi mmoja mmoja au niwakutanishe? Aliyewahi kupekua nyaraka za taifa pale Nairobi, niombe mafaili yapi? Nanyi wa Rombo na Moshi, wazee wenu wanaisimuliaje Taveta?