Tupeane uzoefu: taa za mawe (betri) kwenye baiskeli za zamani

Mjukuu wa Shela
Jamaa, nina Raleigh ya marehemu babu hapa Malindi. Mbele ina taa ya Ever Ready ya bati, inakula mawe mawili makubwa. Mwezi uliopita niliona kutu imeizidi, nikaipiga msasa, nikaipaka rangi nyeusi nje na ndani. Ikapendeza! Kutia mawe mapya, giza. Kubadilisha globu, giza. Mawe yale yale kwenye tochi ya mama yanawaka.

Siku mbili nimekaa nayo barazani ndipo nikang'amua: taa hii haina waya wa pili. Umeme unaingia kwenye globu kupitia kichwa cha jiwe, kisha unarudi kwa bati lenyewe. Na bati nimeshalipaka rangi! Nikakwangua kwa kisu pale springi inapokaa na pale kishikio cha globu kinapogusa, padogo tu kama ukucha. Ikawaka. Zenu zimewasumbua vipi?

Binti Barani
Ya baba ilisahauliwa na mawe ndani msimu mzima wa kusi. Nilipoifungua, unga mweupe umeganda hadi kwenye springi. Mawe yalikuwa ya alkalaini, kwa hiyo nikakamulia ndimu, ikatoa povu shwaa. Nikasugua kwa mswaki mkuukuu, nikapangusa kwa kitambaa chenye maji safi, nikaanika juani, halafu nikapaka Vaseline kiasi. Vaeni glavu, ule unga unawasha. Kwa upepo wetu wa chumvi, baiskeli isiyotumika itoeni mawe.

Ami wa Dainamo
Mimi niliuziwa globu ya dainamo, ya volti 6. Mawe mawili yanatoa volti 3 tu. Ilikuwa nyekunduu, kama kaa la ubani chetezoni. Kumbe ilitakiwa ya volti 2.5. Baadaye nikapata ya LED ya kuskurubu, nayo ikagoma, nikamlaani muuzaji bure. Globu ya zamani haijali umeme unatoka upande gani, LED inajali. Nikageuza mawe, ikawaka.

Pancha Kila Siku
Nimefunga tochi ya simu kwa mpira wa tyubu. Msinicheke.

Mjukuu wa Shela
😂 Hatukucheki, shekhe, ila simu ikianguka utuambie. Jambo moja limebaki: nikipita kwenye tuta taa inazima, nikiipiga kofi inarudi.

Ami wa Dainamo
Springi imechoka hiyo. Ivute kwa koleo taratibu, ikikatika huna taa. Ukiogopa, kunja karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara uitie kati ya springi na kitako cha jiwe.

Mjukuu wa Shela
Nimeogopa, nimetia karatasi. Usiku huu nakwenda Ganda kwa shangazi, matuta ya huko nayajua.

Binti Barani
Chukua na tochi ya mama.