Tupeane uzoefu: umewahi kuvuta gari au kuvutwa? Ilikuwaje?

Msafiri wa Boma
Wakuu, habari za jioni. Jumamosi nilikuwa natoka Arusha kwenda Moshi na Premio, ikanizimia Kwa Sadala. Mpira wa maji ulipasuka, injini ikachemka. Shemeji akaja na Noah yake na kamba ya nailoni ya kufungia mizigo. Mimi nikapanda Noah tupige soga, kwenye Premio tukamweka mpwa wangu wa kidato cha tatu. Tukamwambia, "Wewe shika usukani tu, sisi tunavuta."

Tukaingia mteremko wa Kikavu. Shemeji akapunguza mwendo kwa sababu ya Coaster iliyokuwa inashusha abiria. Premio haikupunguza. Ikatupiga nyuma, si sana, bampa na taa moja. Dogo anasema alikanyaga breki kwa miguu yote miwili ikawa ngumu kama jiwe. Nikamfokea mbele za watu. Usiku usingizi haukuja: nimemfokea kwa lipi, na mwenye leseni ni mimi niliyekaa mbele nacheka?

Aliyewahi kupitia haya aje na kisa chake.

Fundi wa Majengo
Mkuu, kamwombe dogo radhi. Busta ya breki, kile kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga, inategemea injini iwake. Ikizima unabakiwa na kukanyaga mara mbili tatu za kawaida, baada ya hapo ni ubavu wa mguu wako. Usukani nao unakuwa mzito. Breki hazijafa, ila zinataka mtu mzima anayejua kwamba zitakuwa hivyo. Na mshukuru Mungu ufunguo ulibaki kwenye ON. Ungechomolewa, usukani ungejifunga kwenye kona.

Halafu kuna hili ambalo watu hawalijui. Gari lako ni auto. Oili ya giaboksi ya auto inasukumwa na pampu, na pampu inazungushwa na injini. Mkivuta matairi ya mbele yakiwa chini, vyuma vya ndani vinazunguka bila oili ya kutosha. Vitabu vya gari vingine vinaruhusu umbali mfupi na mwendo mdogo ikiwa kwenye N (gia huru), vingine vinakataza kabisa. Zile ambazo injini inazungusha matairi yote manne muda wote zinatakiwa zibebwe, si zivutwe. Nina mteja alivutwa kutoka Same hadi hapa Moshi, kama kilomita 100, akwepe gharama ya bredauni (gari la kubeba magari mabovu). Aliikwepa kweli. Giaboksi ndiyo aliyoinunua.

Kijana wa Sakina
Mimi kamba ilinikatikia Ngulelo saa kumi na mbili jioni, siku ya kazi. Matusi niliyotukanwa siwezi kuyaandika hapa.

Dereva Watalii
Sisi wa porini masika yote ni kuvutana kwenye tope. Ninachoogopa ni kamba kuliko gari. Nailoni inavutika kama mpira, na ikikatika au pete ya kufungia iking'oka, inarudi na chochote kilichofungwa mwishoni. Niliona shakeli (kile chuma cha kuunganishia kamba) imepita kwenye kioo cha nyuma cha Land Cruiser na kutokea cha mbele. Hakukuwa na mtu ndani. Toka siku hiyo natupia turubai au koti zito katikati ya kamba ili ikikatika ianguke chini, na wageni nawasogeza mbali (wanapenda kusimama papo hapo na simu zao).

Usifunge kwenye bampa wala kwenye tai rodi (vyuma vya usukani). Gari nyingi ndogo zina pete ya kuskrubu, inakaa na jeki. Baadhi ya gari za Ulaya pete hiyo unaikaza kwa kuzungushia kushoto, usije ukaapa kwamba imeharibika.

Mama Kibosho
Mnaongelea bredauni kana kwamba ipo kila njia panda. Mimi nilikwama huku juu saa mbili usiku, na mtoto ana homa. Aliyenivuta ni Fuso la ndizi. Dereva wake, mzee wa makamo, hakuwa na haraka. Akanishusha kwanza akaniambia, "Mama, mimi kazi yangu ni kuvuta. Breki za magari yote mawili ni zako." Akanifundisha nikanyage kidogo kila tukishuka ili kamba isilegee, maana ikilegea halafu ikakaza ghafla ndipo inapokatika. Honi moja anasimama, honi mbili anakata kona. Hazadi (taa za dharura) zote zinawaka. Tulitembea kama mtu anayesindikiza jeneza kwa mguu. Nilitoka jasho hadi kitambaa cha kichwa kikalowa, lakini hatukugusana.

Shemeji wa Leicester
Naendesha lori huku Uingereza. Huku kati ya gari na gari hairuhusiwi kuzidi mita 4.5, na ikizidi mita 1.5 kamba lazima ionekane vizuri, watu wanafunga kitambaa cha rangi. Aliyekaa kwenye gari la nyuma naye lazima awe na leseni, anahesabiwa dereva.

Kijana wa Sakina
Hata huku mkuu. Trafiki wa Usa River alinikagua leseni, nikampa, nikidhani tumemalizana. Akapita kimya hadi gari la nyuma akamwambia jamaa yangu, "Na yako?" Akarudi kuuliza pembetatu. Sikuwa nayo.

Msafiri wa Boma
Nimemwomba dogo radhi, kanunua chipsi kwa hela yangu. Fundi, mpira wa maji nimebadilisha na injini inawaka vizuri, ila leo nikipanda mlima gari linachelewa kubadili gia, kama linafikiria kwanza. Tulivuta hadi mjini. Upo kesho nilete?

Fundi wa Majengo
Nipo. Chomoa stiki ya oili ya giaboksi uinuse. Ikinuka kuungua, usiliwashe tena. Na ulilete limebebwa.