Impreza 1.5 pale Athi River: nitajuaje nimebakisha kiasi gani kwenye kona?

KonaYaLanet (Nakuru)
Wadau, habari za jioni. Naomba ushauri kwa wale wanaokimbiza magari yao kwenye sakiti. Simaanishi wale wa barabara kuu ya Naivasha usiku, hao wana uzi wao.

Gari langu ni Subaru Impreza ya lita 1.5, haina turbo, inavuta kwa magurudumu yote manne. Ni gari la kazini Jumatatu hadi Ijumaa. Nikipata siku ya wazi pale Whistling Morans, Athi River, naamka alfajiri, nashuka nalo, nazunguka, kisha narudi nalo Nakuru jioni.

Mara ya mwisho nilimpakia jamaa aliyeshindana autocross (mbio fupi za magari dhidi ya saa) miaka mingi. Tuliposhuka akaniambia, "Kijana, uko asilimia sabini." Basi, akaenda kutafuta chai. Mimi nilikuwa najipa tisini na kitu! Matairi yanalia, viganja vimelowa, na kwenye kona mbili pua ilikataa kabisa kugeuka. Sasa hiyo thelathini iliyobaki imejificha wapi? Na mtu anajuaje yuko umbali gani na mpaka, pale matairi yanapoachia, bila kwanza kuuvuka na kujikuta kwenye nyasi?

MenengaiBoxer (Nakuru)
Huyo alikuwa anaogopa. Angekuambia uko mia ungejaribu mia na kumi naye akiwa ndani 😂

MwalimuWaFizikia (Kisumu)
Ndugu KonaYaLanet, kabla hamjabishana nani mkweli, ulizaneni kwanza: asilimia sabini ya nini?

Nguvu ya pembeni inayodaiwa matairi kwenye kona hupanda kwa mraba wa mwendo. Kwa hiyo ukipita kona kwa asilimia 90 ya mwendo wa juu kabisa unaowezekana, umetumia asilimia 81 tu ya mshiko. Ukifika 95 ya mwendo, uko kama 90 ya mshiko. Ukizidisha mwendo kwa asilimia 5 tu juu ya mpaka, unawadai matairi mshiko wa 110, na hawana.

Chukua kona yenye nusu kipenyo cha mita 40. Gari linaloweza kushika 0.85 g (yaani asilimia 85 ya uzito wake likivutwa pembeni) litapita hapo kwa takriban kilomita 66 kwa saa. Ukipita kwa 56, unatumia kama 0.62 g. Kimwendo uko 85, kimshiko uko 73. Dereva na abiria wanaweza kushuka kwenye gari moja, mmoja akisema themanini na tano, mwingine sabini na kitu, na wote wakawa wakweli.

Una simu? Programu za kupima mizunguko ziko tele, na simu yenyewe ina kihisi cha g. Ifunge imara kwenye dashibodi, isichezecheze, kisha tuletee namba mbili: g ya juu unayopata ukikanyaga breki barabara imenyooka, na g unayoishikilia katikati ya kona ndefu. Nimesema unayoishikilia. Kilele cha nusu sekunde ni gari kuruka kijiwe tu.

NandiHills_Sideways (Eldoret)
Mwalimu amesema vizuri. Mimi nitaongeza ya mikononi, maana hesabu haishiki usukani.

Ile pua kukataa kugeuka, usiihesabu kama ushahidi kwamba ulikuwa mpakani kona nzima. Karibu kila mgeni anafanya hivi: anachelewa breki, anafika kona na mwendo mwingi, anazungusha usukani breki ikiwa bado imekanyagwa. Matairi ya mbele yana mfuko mmoja wa mshiko, breki inachota humo humo na usukani unachota humo humo. Yanaelemewa, yanalia, moyo unaruka, dereva anasema "leo nimefika." Halafu anaogopa, anapunguza kupita kiasi, na katikati ya kona gari linatembea kama linaenda kanisani. Mlangoni mwa kona alikuwa juu ya mpaka, katikati yuko chini kabisa, na kwenye kutoka anangoja mno kabla ya kukanyaga mafuta. Ukijumlisha hizo tatu, sabini inapatikana bila shida.

Kwa hiyo usijiulize "niko asilimia ngapi" ya mzunguko mzima. Ligawe swali: kuingia, katikati, kutoka. Kona kwa kona.

Dawa ya kuingia ni kinyume na unavyofikiri. Funga breki mapema kidogo kuliko sasa, uiachie taratibu wakati unageuza, ili pua ibaki na uzito. Utaona katikati unapita haraka zaidi ingawa ulianza kupunguza mapema.

Na pua ikikataa, usizidishe usukani. Rudisha mikono kidogo, punguza mafuta kidogo, subiri matairi yashike. Usiondoe mguu ghafla ukiwa katikati ya kona, uzito utakimbilia mbele, nyuma kutakuwa kwepesi, mkia utoke kukusalimia. Subaru ya magurudumu manne watu huiamini sana kwa hili. Kuvuta kwa magurudumu manne kunakusaidia kutoka kwenye kona. Kwenye kufunga breki gari hilo lina matairi manne kama Vitz.

FundiWaShabab (Nakuru)
Matairi ni gani? Ya mwaka gani? Swali hili lilitakiwa kuulizwa kwanza.

KonaYaLanet (Nakuru)
Fundi, ni yale yale yaliyokuja na gari kutoka Japani. Yana nyuzi bado (ile mifereji ya kukanyagia), yanapendeza tu.

FundiWaShabab (Nakuru)
Kupendeza si kazi yake. Angalia ubavuni, kuna maandishi yanaanza na DOT na yanaishia na tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2316 ni wiki ya 23 ya 2016. Magari yanaingia nchini yakiwa na umri hadi miaka minane, na tairi linaweza kuwa na umri karibu huo huo. Mpira ukizeeka unakuwa mgumu hata kama nyuzi ziko. Sasa wewe unatafuta mpaka wako, kumbe unatafuta mpaka wa tairi lililozeeka.

Na kulia kwa tairi si kipimo kimoja kwa wote. Tairi la kubana mafuta linaanza kulia mapema, bado lina mshiko wa kutosha. Tairi la michezo linanyamaza hadi karibu kabisa. Sikiliza sauti inavyobadilika: mluzi mwembamba ni tairi likifanya kazi, likianza kunguruma kwa sauti nzito na usukani ukawa mwepesi mkononi, hapo limechoka kubishana.

Upepo upime tairi likiwa moto, mara tu unapoingia kupumzika. Linapanda kama psi moja kwa kila nyuzi joto tano au sita. Ukitoka nyumbani asubuhi ya baridi na 32, usishangae kuona 38. Punguza hapo hapo, na ukumbuke kurudisha kabla ya kushika njia ya Nakuru. Kisha tazama bega la tairi: kule kusuguka kumeishia kwenye ukingo wa nyuzi, au kumeshuka hadi ubavuni? Kukishuka ubavuni, ama upepo ni mdogo, ama unalazimisha pua kama alivyosema jamaa wa Eldoret.

Mafuta ya breki je? Ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya yanachemka kuanzia 205°C, ya DOT 4 230. Yakishanyonya unyevu, viwango vinashuka hadi 140 na 155. Mguu ukianza kuzama, toka nje, usijadiliane.

NyarKisumo (Kisumu)
Samahani kuwaharibia raha. KonaYaLanet, soma karatasi ya bima yako, ile sehemu ya mambo yasiyolipwa. Kwa kawaida mashindano na majaribio ya mwendo yamo humo. Ukipiga ukuta pale, gari ni lako na hasara ni yako, na Jumatatu unasimama stendi ya matatu.

Mimi pia nakimbiza, ndiyo maana nasema. Nimeamua nabakiza. Kuna siku najua kabisa kona fulani ingeshika zaidi na siigusi, kwa sababu pembeni yake hakuna nafasi ya kukosea. Mpaka wa gari na mpaka wa mahali ni vitu viwili.

MenengaiBoxer (Nakuru)
Dada, ukibakiza daima huwezi kujua unabakiza nini. Joginder Singh aliyezaliwa Kericho hapo angebakiza, angeshinda Safari Rally mara tatu?

NyarKisumo (Kisumu)
Huyo ndiye mfano wangu, asante. 1965, 1974, 1976, na Safari ya wakati ule ilikuwa maelfu ya kilomita za matope na vumbi. Unafikiri gari lingefika kama angeendesha kila kona mia kwa mia? Anayejua kubakiza anajua anabakiza kiasi gani. Hapo tu ndipo nakubaliana na wewe.

KonaYaLanet (Nakuru)
Nimerudi jana. Matairi: 0915 😬 Mapya yameagizwa, lakini kwa sasa nilienda na haya, nikiwa mpole.

Breki iliyonyooka: 0.82, ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasigande) ikigonga mguuni. Kona ndefu ya kulia: 0.61, 0.60, 0.62, kila mzunguko. Nikafunga breki mapema kama nilivyoambiwa, ikapanda 0.67 na sikusikia hofu yoyote. Kwa hiyo yule mzee wa autocross hakuogopa, alikuwa anahesabu mshiko.

MwalimuWaFizikia (Kisumu)
Sawasawa kabisa. Namba zinazofanana vile kila mzunguko, na mikono haijasahihisha chochote, ni dalili kuwa kuna akiba.

Tahadhari mbili. Usichukue 0.82 ya breki kuwa ahadi ya kona, gari lililoinuka lenye springi laini hupata pembeni pungufu kidogo. Pili, gari likilala kwenye kona simu nayo inalala, na kulala kwa digrii 4 kunaongeza kama 0.07 ya uongo. Hiyo 0.67 yako huenda ni 0.60 halisi. Linganisha simu na simu, usilinganishe na gari la mtu. Na panda kidogo kidogo, kilomita mbili kwa saa kwa wakati, kwenye kona moja tu yenye nafasi nje yake. Nyingine ziache zilivyo.

KonaYaLanet (Nakuru)
Nimekupata, Mwalimu. La mwisho: ule mfumo wa kuzuia gari kuteleza niuzime? Vijana pale wote wanazima.

NandiHills_Sideways (Eldoret)
Iache iwake. Ile taa ya gari linaloteleza ikimulika, mwambie abiria akuandikie kona gani na wakati gani, kuingia au kutoka. Mizunguko mitano hivi utakuwa na ramani. Ikimulika daima mlangoni na kamwe si katikati, rudi kwenye breki zako.

FundiWaShabab (Nakuru)
Na matairi mapya yakifika usiyapeleke sakiti siku hiyo hiyo. Yazoeze barabara kwanza, angalau kilomita mia na kitu, ile ngozi ya kiwandani itoke. Pitia gereji nikukazie nati.