Mjadala: Pampu za bustani kando ya Mto Lukuledi zisimamishwe kiangazi?

Hoja iliyo mezani: kuanzia Agosti hadi mvua za msimu zianze, maji ya Lukuledi hupungua sana, na anayekaa upande wa chini wa mto humlaumu wa upande wa juu. Upande mmoja unataka pampu zote za bustani zizimwe miezi hiyo, kuanzia Ndanda, Nyangao mpaka Mtama. Upande wa pili unasema mvua ndiyo iliyobadilika na pampu zinasingiziwa. Mchangiaji aje na hesabu.

Mpima Maji:
Zizimwe. Kupima mto hakuhitaji mtambo. Chagua kipande kilichonyooka cha mita 10, pima upana na kina sehemu tano au sita, kisha tupa kijiti na uhesabu sekunde. Tuseme upana ni mita 4, kina cha wastani sentimita 15, kijiti kimetumia sekunde 50. Eneo ni mita za mraba 0.6, mwendo mita 0.2 kwa sekunde. Zidisha kwa 0.85, kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko ya chini. Unapata lita 102 kwa sekunde, yaani mita za ujazo 367 kwa saa. Pampu ya petroli ya inchi mbili huandikwa mita za ujazo 30 kwa saa, lakini ikiwa na mpira mrefu na mwinuko hutoa kama 20. Pampu 18 zikiwaka pamoja, mto umekwisha.

Bonde la Mtama:
Mkuu, hesabu umeipiga nusu. Hizo pampu 18 haziwaki saa 24. Watu humwagilia saa 1 asubuhi hadi saa 5. Saa nne mara pampu 18 mara 20 ni mita za ujazo 1,440. Mto wako kwa siku nzima unapitisha zaidi ya 8,800. Bustani zimechukua chini ya moja ya sita! Wa chini anaona mto umekatika kwa sababu wote tumewasha saa ileile. Dawa hapo ni zamu. Ukipiga marufuku, nyanya na mchicha wa Lindi mjini utatoka wapi Oktoba?

Chemchemi za Makonde:
Wote wawili mnapima kinachoonekana. Lukuledi wa kiangazi haunyweshwi na mvua ya mwaka huu peke yake. Uwanda wa juu wa Makonde una kichanga kirefu: mvua huzama, husafiri chini kwa chini polepole, na kutokea kwenye chemchemi za miguuni mwa miinuko, kama zile za Ndanda. Kwa hiyo mwaka mbaya unaweza kuonekana mtoni ukiwa umechelewa, na masika moja nzuri haiponyi kila kitu.

Halafu jumla ya mvua inadanganya. Tuseme eneo linapata milimita 900, jua na mimea vinachukua 800, mto unabaki na 100. Mvua ikishuka hadi 810, mimea haipunguzi kiu kwa kiwango hichohicho. Ikichukua 740, mto unabaki na 70. Mvua imepungua asilimia 10, mto asilimia 30. Na mvua kubwa ya siku chache si mbadala. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilileta mafuriko yaliyokata barabara ya Lindi–Dar es Salaam upande wa Kilwa; maji ya namna hiyo hufika baharini kwa siku chache, chemchemi hazipati kitu cha maana.

Tena tuache kusubiri El Niño ya redioni. Kanuni ya kaskazini, kwamba El Niño ni mvua nyingi, huku haishiki vizuri. Tuko mpakani na ukanda wa kusini mwa Afrika, ambako mara nyingi huleta ukame.

Fundi Ukuta:
Basi tuhifadhi. Lambo la wazi hupoteza milimita 5 au 6 kwa siku kwa jua. Miezi sita ni kama mita moja. Kwenye vijito vya mchanga jenga ukuta wa kuzuia mchanga, maji yakae ndani ya mchanga huo. Mchanga wa urefu wa mita 200, upana 20, kina cha wastani 1.5, ni mita za ujazo 6,000. Ukiwa wa chembe kubwa, robo yake ni maji ya kuchota: 1,500. Watu 500 kwa lita 20 kila mmoja wanatumia mita za ujazo 10 kwa siku, kwa hiyo siku 150.

Kuta zinazoharibika huharibika kwa mambo yaleyale. Msingi haukufika kwenye mwamba au udongo mgumu wa mfinyanzi, maji yanapita chini. Mbawa, yaani kuta za pembeni zinazoingia ukingoni, ni fupi, mto unazunguka pembeni. Au ukuta umepandishwa wote kwa mkupuo, nyuma yake likajaa tope badala ya mchanga. Pandisha sentimita 30 hadi 60 kila msimu. Na anayechimba mchanga wa ujenzi hapo azuiwe kabla ya mwenye pampu.

Mpima Maji:
Ukuta sawa kwa vijito, lakini hauondoi sheria. Anayevuta maji kwa mashine anatakiwa awe na kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, na Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni. Hoja ya zamu naikubali kwa sharti: upigwe mstari kwenye nguzo ya daraja. Maji yakishuka chini ya mstari, pampu zinazimwa zote, bila kujali tarehe.

Bonde la Mtama:
Mstari upigwe, ila nguzo siyo mahali pake. Kila mafuriko mchanga wa chini ya daraja unahama, kina kilekile kinakuwa na maji tofauti. Mto upimwe upya kwa kijiti kila Juni, ndipo mstari uchorwe. Na zamu ya mwisho iwe ya jioni kuanzia saa 10, si saa 6 mchana ambapo jua hula maji zaidi.

Chemchemi za Makonde:
Wa juu waanze kuzima, au wa chini? Hilo bado hamjalijibu.