Mjadala: Homuweki za sekondari ziwekewe kikomo, au watoto wakaze msuli?

Mleta mada (mzazi, Uyole, Mbeya)

Wakuu, habari za jioni. Nina binti kidato cha tatu, shule ya kutwa. Jumanne alirudi na hesabu za latitudo na longitudo maswali kumi na tano, kemia ya moli, insha ya Kiingereza, na notisi za Historia kurasa nne za kunakili kutoka kitabu ambacho darasa zima wanakigombania. Zote zikusanywe Jumatano asubuhi. Ukimuuliza mwalimu mmoja mmoja atakwambia ametoa kidogo tu, na hasemi uongo. Shida ni kwamba hakuna anayejua mwenzake ametoa nini.

Sasa pigeni hesabu. Darasani wanatoka saa tisa na nusu, kuna masomo ya ziada mpaka saa kumi na nusu, halafu kugombania daladala na kutembea. Anaingia ndani magharibi. Achote maji, asaidie kupika, ale, aoge. Anashika kalamu saa mbili usiku. Siku hiyo alilala saa sita, na saa kumi na moja alfajiri nikamwamsha. Wataalamu wa usingizi wa Marekani wanasema kijana wa miaka 13 hadi 18 anatakiwa alale muda wa saa 8 hadi 10. Wangu alipata tano. Na jua la huku mnalijua: Juni linachomoza karibu saa moja, dakika ishirini na ushei nyuma ya Dar es Salaam, ukijumlisha na ukungu ndiyo kabisa. Watoto wanakwenda shule gizani.

Sisemi homuweki zifutwe. Nataka kila darasa liwe na ubao mmoja ukutani. Mwalimu akitoa zoezi aandike pale somo, makadirio ya muda na siku ya kukusanya. Jumla ya usiku mmoja ikifika saa mbili, anayefuata asubiri kesho. Hizo saa mbili sijazitoa kichwani. Harris Cooper wa Chuo Kikuu cha Duke na wenzake walipopitia tafiti za Marekani mwaka 2006, waliona kwamba sekondari homuweki inaendana na matokeo mazuri, lakini ikizidi kama saa mbili kwa usiku faida haiongezeki tena. Wenzetu wana na kanuni ya dakika 10 kwa kila mwaka wa shule; kidato cha tatu, ukihesabu na miaka saba ya msingi, ni mwaka wa kumi, basi dakika 100.

Naomba kuwasilisha.

Mwalimu wa Hisabati, Mafinga

Kamwene wote. Mzazi, nakuheshimu, ila kikomo cha jumla kitaua somo langu. Hisabati ndiyo inayoangusha watoto wengi kidato cha nne mwaka hadi mwaka, na haisomwi kwa macho. Mkono usipozoea, kichwa hakikumbuki. Kipindi ni dakika 40. Ukitoa muda wa kuita majina na kurudia ya jana, mtoto anabakiwa na nafasi ya kufanya maswali mawili. Mengine atayafanyia wapi?

Ambacho hukukigusa ni kusahihisha. Nina mikondo miwili, kila mmoja watoto sabini. Daftari moja nikilipa dakika moja na nusu tu, ni saa tatu na nusu za kalamu nyekundu, kwa zoezi moja. Ndiyo maana walimu wengi wanapiga tiki moja kubwa na kusaini. Watoto wanajua. Njoo darasani saa moja na robo asubuhi uone: kaunta buku la yule anayeweza linapita dawati kwa dawati, linafunguliwa juu ya mapaja. Muhula uliopita mwenye kaunta buku alikosea alama ya kutoa kwenye mstari wa tatu, na daftari zaidi ya kumi zikaniletea kosa lile lile, mstari ule ule. Hayo maswali kumi na tano yamemfundisha nani? Matano aliyoyafanya mwenyewe, nikayasahihisha kweli, hapo niko na wewe. Lakini kila siku, siyo mara mbili kwa wiki.

Mama, Tukuyu

"Achote maji, asaidie kupika." Mwenzangu, saa zake zinaishia hapo, unawasingizia walimu. Kwangu siku za shule anayesoma haguswi. Tunarudi kuchuma chai tumechoka na tunapika wenyewe. Huyo binti ana kaka? Kaka naye anachota?

Mleta mada

Kaka yake yuko bweni, mama. Nyumbani tuko wawili, na mimi sokoni Mwanjelwa natoka saa moja. Nishauri na hapo basi.

Kijana, Iringa (nimemaliza kidato cha sita)

Shikamooni. Mimi nilikuwa kutwa mpaka kidato cha nne, Kihesa, halafu nikasoma PCM (fizikia, kemia na hisabati) bweni, kwa hiyo nimeonja kote. Bweni kuna prepo: saa mbili mpaka saa nne mko mezani, ukikwama unageukia wa pembeni. Wa kutwa anapambana peke yake, na umeme wa LUKU ukiisha ndiyo basi. Ukizilinganisha shule hizo mbili kwa idadi ya maswali unajidanganya.

Kwa dogo wa kidato cha tatu, wakubwa wakiendelea kubishana: zoezi likitolewa tu, fanya swali la kwanza hapo hapo kabla kengele haijalia, maana mpaka ufike nyumbani ule mfano wa ubaoni umeshayeyuka. Notisi za kunakili maliza shuleni, mapumziko ya saa nne. Usiku anza na somo unaloliogopa, akili ikiwa bado ipo. Swali likikugomea dakika kumi, andika ulipofikia, ruka. Disikasheni ni nzuri, ila kila mtu awe amejaribu kwanza. La sivyo mmoja anasolvu na saba wanamtazama.

Mzazi, Makambako

Na asipomaliza? Kwetu ni fimbo. Kanuni za viboko za mwaka 2002 ziko wazi: ni kwa makosa makubwa ya nidhamu, visizidi vinne, na achape mkuu wa shule au aliyemteua kwa maandishi. Tangu lini swali la moli lisilomalizika likawa kosa kubwa la nidhamu? Aliyechapwa leo kesho atanakili, maana hana hamu ya kuchapwa tena.

Mdau, Mbeya mjini

Wakuu, tusidekeze watoto. Hizo tafiti ni za watoto wa matajiri huko Marekani. Sisi tulisomea koroboi na tukafaulu.

Mwalimu wa Hisabati, Mafinga

Kaka, wanaosimulia hiyo koroboi ni waliofaulu. Wale wengine huwasikii.

Mleta mada

Mdau, kwa utafiti mmoja ambao sikuutaja uko sahihi: ule wa wanafunzi 4,317 wa California, waliokuwa na wastani wa saa 3.1 za homuweki kila usiku, ulifanyika shule kumi za watu wenye nafasi zao. Lakini wale wana meza, taa na gari la kuwapeleka, na bado wengi walilalamikia msongo na kukosa usingizi. Wetu wanafidia na nini?

Mwalimu, tukutane hapa. Hisabati iwe na nafasi yake kila siku, maswali matano, dakika arobaini. Zinabaki themanini, masomo mengine yapokezane, mawili kwa usiku. Kunakili notisi kusitolewe kama homuweki kabisa, kitabu kikiwa kimoja kipigwe kopi. Na daftari sahihisha ishirini kwa siku, mtoto asijue zamu yake ni lini.

Mwalimu wa Hisabati, Mafinga

Dakika arobaini nachukua. Daftari ishirini nazo ni nusu saa, ninayo. Ila mwenzangu wa Fizikia atakwambia na yeye anafanya hesabu, na hajakosea. Ubao wenu utavunjikia hapo, wiki ya kwanza tu.

Mleta mada

Kikao cha wazazi ni Ijumaa ijayo, nalipeleka hivyo hivyo, na la Fizikia ndani yake. Mwenye shule ambako ubao wa namna hii upo tayari: anaushika nani, mwalimu wa taaluma au monita?

Kijana, Iringa

Monita. Lakini mwalimu wa darasa asaini kila jioni, maana monita peke yake hana ubavu wa kumwambia mwalimu wa Historia kwamba nafasi imejaa.