Ukoo wa Bi Mwanajuma 🌴: Jumapili ya diski ya pili

ALKHAMIS

Salma (2:05 usiku): Assalam alaykum wanaukoo. Jumapili baada ya Alasri tunakutana kwa halati Zuwena Michenzani, tunakaa wote tuangalie diski ya pili. Kila mtu aandike "naja" nijue bajia za kiasi gani. Sitaki vidole gumba nataka maneno

Nassor: Waalaykum salaam. Diski ya pili ya nini tena, ya kwanza tuliangalia lini 😂

Salma: Nassor nilituma voice tatu juzi hukusikiliza hata moja. Lile sanduku la Alien, diski tisa, aloniachia yule mgeni pale kazini alipokuwa anarudi kwao. Filamu zenyewe nne tu, zilobakia zote ni mambo ya nyuma ya kamera, vipi walitengeneza, nani alivaa nini, wapi walikosea wakarudia. Filamu nshaiona zamani, haya ya nyuma ndo yaloninyima usingizi wiki nzima

Nassor: Si ile ya jini linatoka kifuani mwa mtu anakula? Wallahi halati hatolala

Halati Zuwena: Jini gani nyumbani kwangu? Salma hukunambia kama kuna jini

Salma: Halati si jini, ndo maana nataka ya pili si ya kwanza. Ukiona linavyotengenezwa huliogopi tena. Pale yai linapopigwa mwanga ndani unaona kitu kinatetemeka, unajua ni nini? Ni mikono ya dairekta mwenyewe, Ridley Scott, kavaa glovu za mpira anachezesha vidole. Na yule mdudu wa usoni, wanapomkagua tumboni, mnayoyaona ni chaza na figo la kondoo. Chaza hawahawa tunaowajua sie

Mwanakhamis: Chaza 😂😂 wa Fumba au

Nassor: Walitia ndimu?

Mwanakhamis: Na pilipili ya mbuzi

Salma: Na kile kichwa cha yule mtu wa mashine kikikatika, humo ndani mna maziwa, tambi na gololi

Nassor: Tambi na maziwa 😂😂😂 hiyo si futari ya kwa halati

Halati Zuwena: Maji yanatoka upande wenu? Hapa tangu asubuhi bomba kavu

Mwanakhamis: Huku yalikuja alfajiri yakakata

Nassor: Halati chukua yale ya kichwa

Salma: Jamani. Nimeuliza nani anakuja.

Salma: Nani anakuja??

Asya Muscat: Mie nipo mbali mpenzi wangu lakini nipigie video niangalie na nyie ❤️

Salma: Ahsante Asya, wewe wa mbali umejibu, walioko Mwanakwerekwe wanasoma tu naona tiki za buluu

(2:41 usiku) Salma: Haya nasema kwa nini naisumbua hivi. Yule mnyama mweusi mrefu kwenye filamu, alokuwa ndani yake ni mtu, na mtu mwenyewe ni Mnigeria, Bolaji Badejo, mwanafunzi wa sanaa huko London, hajacheza filamu maishani mwake, alikuwa kwenye baa tu mtu akamuona urefu wake, mita 2 na sentimita 8, mwembamba, miguu haina mwisho, akaitwa. Lile vazi alilichora msanii Giger wa Uswisi. Wakamfundisha mwendo, tai chi, yale mazoezi ya Kichina ya polepole, na mambo ya kuigiza bila kusema, kwa sababu kitu kile kikitembea kama mtu filamu imekufa. Na akishavaa hawezi kukaa kwa ajili ya mkia, ikabidi wamtundikie pembea apumzike. Mimi hapo kwenye pembea nilisimamisha diski nikatoka nje. Dunia nzima imemuona tangu 1979 na uso wake hakuna anaoujua, filamu nzima hauonekani hata mara moja. Hakucheza nyingine tena. Alifariki 1992 ana miaka 39, kwa maradhi ya siko seli. Mrefu vile. Sasa nyie mnajua nani nilikuwa nnamfikiria na sitaki kuangalia peke yangu tena

(2:58 usiku) Asya Muscat: 💔

(3:10 usiku) Mwanakhamis: Mie naja

Ami Khamis: Zamani Majestic pale Vuga filamu ikisha watu wanasimama wanatoka, majina ya mwisho hayasomi mtu. Sikupata kufikiri kama mle kuna wenzetu

Salma: Shikamoo ami. Jina lake lipo mwishoni pale, ami. Unakuja?

Ami Khamis: Marahaba. Jumapili nina kikao cha msikiti. Tutaona

Nassor: Sasa si tuangalie YouTube tu, sanduku la nini

Salma: YouTube unapata vipande dakika mbili mbili mtu kakatakata katia na muziki wake. Hii ni saa kadhaa, wanakaa walewale walotengeneza wanazungumza, mmoja anasema hivi mwengine anasema sikumbuki hivyo. Ile ya kifuani wenyewe wanasema waigizaji walijua kuna kitu kitatoka lakini damu ile yote hawakuambiwa, yule dada Veronica Cartwright imemrukia usoni kaanguka kweli. Na chombo chao kilikuwa hakitoshi ukubwa, Scott akawavisha wanawe nguo za anga akawapiga picha kwa mbali, ukiona watoto wale wadogo unadhani ni watu wazima wamesimama penye kitu kikubwa

Asya Muscat: Kama Othman na boksi la friji uwani 😭😭 alinivisha mie na Nassor foili ya keki

Nassor: Nilivuliwa na ngozi

Salma: Tatizo ni deki. Laptop yangu haina pa kutilia diski. Nani ana deki nzima?

Mwanakhamis: Deki si tulikuwa nayo. Muulize Rashid

Nassor: 👀

Ami Khamis: Tusianze

Mwanakhamis: Sianzi ami nauliza tu. Deki ya marehemu ilikuwa mezani siku ya khitma watu wote wameiona, kulipokucha haipo na boti ya Pemba ishaondoka na Rashid yumo. Miaka tisa hii hakuna mtu alosema neno, mie mwenyewe nilikuwa nimebakisha CD zake zote nikawa sina pa kuzitia

Salma: Mwanakhamis tafadhali si leo

Mwanakhamis: Si wewe uloitaja deki?

Halati Zuwena: Laleni

IJUMAA

Nassor (4:20 asubuhi): Jumaa karim. Kuna mtu anauza pasi ya mvuke bei poa aniinbox

Salma: Nassor futa. Mpaka sasa nina Mwanakhamis na Asya wa kwenye simu. Halati nyumba ni yako nakuhesabu. Wengine?

Rashid Wete (5:02): Nilikuwa shamba nimeona sasa hivi. Deki ipo

Mwanakhamis: Ipo wapi

Rashid Wete: Kwangu chumbani. Nnaifuta vumbi. Siitumii

Mwanakhamis: Hiyo ndo jawabu? Miaka tisa?

Rashid Wete: Nna jawabu jengine lakini si langu kulisema

(8:15 mchana) Mwajuma wa Babu: Assalam alaykum. Babu kasikiliza voice za dada Salma na nimemsomea yote, kaniambia niandike kama anavyosema nisipunguze. Anasema:

Deki nilimpa mimi. Usiku wa khitma nilimwita Rashid nikamwambia ichukue wende nayo usimwambie mtu. Ile taa yake nyekundu ilikuwa haizimwi, kila nikipita mlangoni kwenda kutawadha nadhani mtoto yumo anaangalia vitu vyake. Sikuweza. Rashid kasemwa na mie nasikia na nimenyamaza. Hilo langu, si lake. Asisemwe tena.

(10:47 jioni) Mwanakhamis: Rashid niwie radhi kaka

Rashid Wete: Yameisha dada

Ami Khamis: Allah amrehemu Othman

Halati Zuwena: Amin

Asya Muscat: Amin ya Rabb

Mwajuma wa Babu: Babu anauliza huyo mrefu wa Nigeria alikuwa na maradhi ya Othman kweli?

Salma: Ndiyo babu, shikamoo. Siko seli

Mwajuma wa Babu: Anasema atakuja. Anasema jini halitaki, aonyeshwe yeye.

Salma: Babu nitakuonyesha. Picha zake nshazitafuta ziko kwenye simu, uso wake unaonekana vizuri, nitazitoa pale mjini nizitie kwenye fremu. Na wanapomzungumza kwenye diski nimeandika dakika zote kwenye daftari, ntakuwa nasimamisha nafasiri, hakuna atakaepitwa

Nassor: Naja

Salma: Alhamdulillah Nassor. Sasa Rashid deki itakuja vipi?

Rashid Wete: Kesho naipakia boti na mtu ninaemuamini. Lakini jueni trei haifunguki yenyewe, unaisukuma na ncha ya kisu upande wa kushoto huku umebonyeza kitufe, yeye ndo alikuwa anajua. Rimoti sijawahi kuiona

Mwanakhamis: Rimoti ninayo mie

Mwanakhamis: Nilikuwa nayo siku zote, imo kwenye kopo la CD zake

Rashid Wete: Basi kumbe

Salma: Rimoti ndo ya lazima, kwenye hizi diski bila mishale huingii kwenye menyu. Mwanakhamis itie betri mpya. Nassor wewe una gari, kesho nenda bandarini kapokee

Nassor: Kesho nna mechi Amaan

Salma: Mechi saa ngapi?

Salma: Boti inafika kabla ya mechi

Ami Khamis: Kile kikao naweza kuomba kisogezwe. Sijaahidi

Halati Zuwena: Umeme wangu umebaki uniti sita, anaetaka kuangalia aje na uniti zake

Asya Muscat: Ntatuma mie halati

Halati Zuwena: MAJI YAMETOKA

Mwanakhamis: Nafungua bomba nakuja

Salma: Nahesabu. Babu, Mwajuma, halati, Mwanakhamis, Nassor, ami hajaahidi, Asya kwenye simu. Rashid na wewe si upande boti hiyohiyo na deki?

Rashid Wete: Niangalie shamba litabaki na nani

Salma: Panda tu Rashid, kisu utashika wewe. Na kama boti ikichelewa tufanye Jumapili ya pili au?

Salma: Halati?

Salma: Nassor bandarini utakwenda?

Salma: Nassor